Barabara ya Mukono–Katosi: mkataba uliokuwa na saini zote

Novemba 2013 Mamlaka ya Taifa ya Barabara ya Uganda, UNRA, iliingia mkataba wa kuweka lami barabara ya Mukono–Kyetume–Katosi pamoja na tawi lake la Kisoga–Nyenga, jumla kilomita 74. Bei ilikuwa shilingi bilioni 165. Mkandarasi alijulikana kwa jina la Eutaw Construction, kampuni iliyojitambulisha kuwa ya Marekani. Haukupita muda ikalipwa malipo ya awali, shilingi bilioni 24.7. Kabla ya 2014 kwisha mkataba ulikuwa umevunjwa, na kampuni ya Eutaw iliyoko Mississippi, ile yenye jina na rekodi ya kazi, ilikuwa imekana kuhusika na jambo hilo.

Kisa hiki kimesimuliwa sana kama hadithi ya matapeli. Matapeli walikuwepo, na mahakama ilishawashughulikia. Lakini mtu wa manunuzi akilifungua jambo hili, kinachomkosesha usingizi ni kingine: tenda ilipita njia yake. Ilitangazwa, zabuni zikapokelewa, tathmini ikafanyika, kamati ikaidhinisha, mkataba ukatiwa saini na wenye mamlaka ya kutia saini. Sheria ya manunuzi ilikuwa na umri wa miaka 10 wakati huo, na ilikuwa ikisifiwa kwenye semina za ukanda huu kama mfano wa kuigwa. Pesa zikaondoka hivyohivyo.

Ili kuelewa ilivyowezekana, turudi nyuma kidogo. Kwa miaka mingi manunuzi makubwa ya serikali ya Uganda yalipitia mlango mmoja tu, Bodi Kuu ya Zabuni iliyokuwa Kampala, ikifanya kazi kwa kanuni za mwaka 1977. Hospitali ya mkoa ikitaka mashine, wizara ikitaka magari, faili lilisafiri hadi kwenye bodi hiyo na kusubiri. Bodi ilikuwa ndogo, kazi nyingi, na aliyemjua mtu ndani ya bodi alikuwa na faida ambayo hakuna mzabuni mwenzake angeweza kuifikia. Wilaya nazo, baada ya madaraka kupelekwa mikoani katika miaka ya 1990, zikawa na bodi zao za tenda, na wafanyabiashara wa miji midogo wanazikumbuka vizuri. Diwani fulani alikuwa na shemeji mkandarasi, na shemeji hakukosa kazi.

Mageuzi yaliyofuata yalizaa Sheria ya Manunuzi ya Umma na Uuzaji wa Mali za Umma ya 2003. Bodi Kuu ikavunjwa. Kila taasisi ikapewa mamlaka ya kujinunulia yenyewe, na juu yao ikawekwa mamlaka ya usimamizi, PPDA, ambayo kazi yake ni kutunga miongozo, kukagua na kuchunguza. Mwaka 2006 bodi za tenda za wilaya nazo zikaondolewa, nafasi yake ikachukuliwa na kamati za mikataba zinazoundwa na watumishi. UNRA yenyewe ilianzishwa kwa sheria ya 2006 na kuanza kazi Julai 2008, ikikusudiwa kuwa chombo cha kisasa kisicho na kutu ya wizara.

Wazo la sheria ya 2003 lilikuwa kugawa mamlaka. Idara inayohitaji kitu inaandika mahitaji. Kitengo cha manunuzi kinaandaa nyaraka na kutangaza. Kamati ya tathmini inapima zabuni. Kamati ya mikataba inapitisha au kukataa. Afisa masuuli, yaani mkuu wa taasisi anayewajibika kwa pesa zake, anatia saini na kubeba lawama. Mikataba mikubwa inapita pia kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali kwa mujibu wa Ibara ya 119 ya Katiba. Jina la mshindi linabandikwa ubaoni siku kadhaa ili mwenye pingamizi alete pingamizi. Kwenye karatasi ni mpango safi, na kwa tenda za dawati na vitabu vya risiti unafanya kazi kuliko watu wanavyoukubalia.

Tatizo la kugawa kazi kwa mikono mingi ni kwamba kila mkono huamini ule uliotangulia umeshahakiki. Kamati ya tathmini inakaa na orodha. Je, kuna cheti cha usajili wa kampuni? Kipo, alama ya tiki. Kuna barua ya uwakilishi? Ipo, tiki. Uzoefu wa kazi zinazofanana? Kuna kurasa 40 zenye picha za madaraja na mitambo, tiki. Orodha inauliza kama karatasi ipo. Haiulizi kama karatasi inasema kweli. Kamati ya mikataba ikipokea ripoti inaangalia kama kamati ya tathmini ilifuata utaratibu. Mwanasheria anaangalia vifungu vya mkataba. Katika msururu wote huo hakuna kiti ambacho mwenye kukikalia kazi yake ni kuandika barua pepe kwa kampuni ya Mississippi na kuuliza: huyu bwana aliye Kampala mnamfahamu?

Swali hilo halina gharama. Orodha za kampuni za majimbo mengi ya Marekani zinatazamwa mtandaoni. Kampuni ya ujenzi yenye ofisi ina simu na mtu wa mapokezi. Kwa mkataba wa bilioni 165, simu moja ya kimataifa ni hesabu isiyofaa hata kuandikwa. Lakini katika taasisi zetu jambo lisilo na fomu halina mwenyewe.

Sasa tuje kwenye pesa zenyewe, maana hapa ndipo kisa kinapouma.

Malipo ya awali si rushwa wala si upendeleo. Mkandarasi wa barabara anahitaji kuleta mitambo, kujenga kambi, kuagiza lami na mafuta kabla hajaweka hata kilomita moja. Kwa hiyo mkataba unamruhusu kuchukua sehemu ya bei mapema, na baadaye kila anapowasilisha hati ya kazi iliyofanyika anakatwa kidogokidogo mpaka deni liishe. Kwa Katosi ilikuwa kama asilimia 15. Akikimbia katikati, serikali inategemea kitu kimoja tu: dhamana ya benki, barua ambayo benki inaahidi kulipa pesa hizo pindi itakapodaiwa. Ukiondoa barua hiyo, pesa zimekwenda.

Kuhakiki dhamana ni kazi ya mguu. Nakala ya barua inachukuliwa, inaandikwa barua ya kuuliza, mtumishi anaipeleka makao makuu ya benki kwa mkono wake mwenyewe. Hairuhusiwi aipeleke mzabuni, wala kupiga namba iliyochapwa juu ya barua yenyewe, maana aliyeghushi barua hashindwi kuchapa namba ya simu ya rafiki yake. Benki inajibu kwa maandishi yenye saini mbili za watu walio kwenye orodha ya watia saini. Jibu linaingia kwenye faili nyuma ya hati ya malipo. Inachukua siku mbili tatu, ikichelewa sana wiki. Kila mhasibu anaijua kazi hii.

Anayeijua huenda asiifanye. Niliwahi kukaa kwenye ubao nje ya ofisi moja ya malipo, nikisubiri hati yangu ya viti vya shule, nikamsikia kijana wa hesabu akisema kwa sauti ya chini, «Bosi, benki bado haijajibu ile barua.» Bosi hakuinua hata macho. «Kwani wewe ndiye unayelipa? Lete nitie saini, mkubwa amepiga simu mara mbili.» Kijana akaleta. Kiasi kilikuwa kidogo, na sijui kwamba kulitokea ubaya wowote. Lakini ndivyo mambo yanavyokwenda: mwenye swali ni wa chini, mwenye haraka ni wa juu.

Katika kesi ya Katosi, kutohakikiwa ipasavyo kwa dhamana kabla ya bilioni 24.7 kutoka ndilo lililokuwa moja ya mambo makuu mahakamani. Kumbuka kwamba hatua hii iko baada ya tangazo, baada ya tathmini, baada ya kamati, baada ya ubao wa matangazo. Sheria yetu ya manunuzi imejenga geti la chuma mbele ya nyumba na kuacha uzio wa nyuma wa michongoma. Nguvu yote, pingamizi zote, kelele zote za wazabuni ziko kabla ya saini. Saini ikishawekwa, wazabuni walioshindwa wamekwenda zao, waandishi wa habari wameondoka, na wanaobaki na mkataba ni mhandisi, mhasibu na mkandarasi.

Mwangwi wake ulishasikika miaka michache kabla. Kuelekea uchaguzi wa 2011 serikali iliagiza kutoka India baiskeli 70,000 za wenyeviti wa vijiji na parokia, ngazi ya utawala iliyo juu ya kijiji. Kampuni ililipwa takriban shilingi bilioni 4 baada ya kuwasilisha hati za usafirishaji. Hati zilikuwa za uongo, na hakuna baiskeli iliyofika. Maafisa wa Wizara ya Serikali za Mitaa walipelekwa mahakamani. Angalia mahali tundu lilipo: palepale, malipo yaliyotoka kwa karatasi ambayo hakuna aliyeifuata hadi ilikotoka. Kati ya kisa hicho na cha Katosi kulikuwa na muda wa kutosha wa kubadilisha utaratibu.

Kwa nini watu wa Katosi hawakupiga kelele mapema? Kwa sababu kazi ilikuwa inaonekana. Eutaw iliikabidhi barabara kwa mkandarasi mdogo, kampuni ya Kichina CICO, ambayo ilikuwa na mitambo ya kweli na wahandisi wa kweli. Katosi ni mwalo mkubwa wa samaki kwenye Ziwa Victoria, wanakutana pale wavuvi wa Buganda, Wasoga, Waluo, wachuuzi kutoka upande wa Kenya na wanunuzi wa samaki wa chumvi wanaoelekea Kongo. Ukimuuliza mtu wa mwalo wakati ule nani anajenga barabara, angekujibu bila kufikiri: Mchina. Vumbi lilikuwa likitimka, tingatinga zinanguruma, vijana wamepata vibarua. Jina la Eutaw lingemwambia nini mama anayeanika mukene, wale dagaa wa ziwani? Barabara ya maramu, yaani udongo wa changarawe, ya miaka hiyo iliwatesa, sangara waliopakiwa kwenye barafu walifika Mukono barafu ikiwa imeshakuwa maji, na mvua ikinyesha magari yalilala njiani. Walichotaka ni lami.

Hapa kuna jambo la kisheria linalopitwa haraka. Mkandarasi mkuu kumpa mwingine sehemu ya kazi ni kawaida, na siku hizi miongozo ya Uganda inataka hata wakandarasi wakubwa wa kigeni wawape kampuni za ndani asilimia 30 ya kazi. Kumpa mwingine kazi yote ni habari nyingine. Maana yake ni kwamba yule aliyepimwa kwa uzoefu na mitaji yake hayupo, na yule aliyepo hakushindanishwa. Serikali ilipima kampuni moja na kujengewa na nyingine, na katikati akakaa dalali. Mhandisi anayesimamia barabara huliona hilo siku ya kwanza, kwa kusoma tu nembo kwenye milango ya malori.

Katikati ya 2014 Inspekta Mkuu wa Serikali wa wakati huo, yaani mkuu wa ofisi inayopambana na ufisadi, Jaji Irene Mulyagonja, alianza kuchunguza, na matokeo yake yakaondoa shaka kwamba mkataba usingeweza kuendelea. Ulivunjwa. Mwaka 2015 washukiwa wakafikishwa Mahakama ya Kupambana na Ufisadi, akiwamo Abraham Byandala aliyekuwa Waziri wa Kazi na Uchukuzi. Hukumu ilitoka 2018. Byandala aliachiwa huru. Mtu aliyejitambulisha kuwa mwakilishi wa Eutaw alitiwa hatiani na kufungwa, na mkurugenzi wa zamani wa fedha wa UNRA naye akatiwa hatiani. Wananchi wengi walinung'unika kwamba papa amepita na dagaa wamenaswa. Mahakama iliamua kwa ushahidi uliokuwa mbele yake, na sina sababu ya kuishutumu. Ninachoona ni kwamba sheria iliyompa waziri heshima ya kukaa nje ya manunuzi ndiyo inayofanya iwe vigumu kuthibitisha aliingia. Simu ya mkubwa haiachi saini.

Kelele za Katosi ndizo zilizofungua mlango wa Tume ya Uchunguzi ya Jaji Catherine Bamugemereire, iliyoundwa 2015 kuichimba UNRA. Ilisema kwamba kati ya shilingi trilioni 9 hivi zilizopita UNRA tangu 2008, zaidi ya trilioni 4 zilipotea kwa wizi na uzembe. Mwaka huohuo Allen Kagina, aliyekuwa ameiongoza mamlaka ya mapato, akapewa UNRA. Akasitisha ajira za wafanyakazi wote na kuwataka waombe kazi upya. Ulikuwa uamuzi mkali, wapo walioonewa, lakini ulivunja mtandao kwa namna ambayo semina 100 za maadili zisingeweza.

Na barabara? Ilitolewa kwa kampuni nyingine, SBI International Holdings, ikakamilika. Leo magari yanateleza kutoka Mukono hadi ziwani, na tawi la Nyenga limekuwa njia ya pili ya kuelekea Jinja kwa anayekimbia foleni ya barabara kuu.

Tangu hapo mageuzi hayajasimama. Mabadiliko ya sheria yaliyoanza kutumika 2014 yaliunda Baraza la Rufaa la manunuzi, ili mzabuni asihukumiwe na mamlaka ileile iliyotoa miongozo. Mabadiliko ya 2021 yakafupisha safari ya malalamiko: sasa unaanza kwa afisa masuuli, usiporidhika unakwenda moja kwa moja kwenye Baraza. Yakaweka pia nafasi maalumu kwa vikundi vilivyosajiliwa vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mfumo wa manunuzi kwa njia ya kompyuta ulianza kwa taasisi chache mwaka huohuo na unaendelea kuenezwa. Kazi za barabara zisizozidi shilingi bilioni 45 zimetengewa kampuni za wananchi. Na mwaka 2022 Sheria ya Makampuni ilirekebishwa ili kila kampuni itaje mwenye mali halisi, yaani binadamu anayekula faida mwishoni.

Nikipima hatua hizi kwa kipimo cha Katosi, ile ya mwisho ndiyo yenye uzito mkubwa, ingawa ndiyo iliyosifiwa kidogo. Ingelazimisha mtu fulani kuandika jina lake. Mfumo wa kompyuta unasaidia kwenye mambo mengine: zabuni haiwezi kuingizwa kwenye sanduku saa sita usiku, na kila aliyefungua faili anaacha alama ya muda. Lakini kompyuta ikipokea dhamana ya benki iliyoskaniwa inaipokea kama picha. Isipounganishwa na benki zenyewe, ili uthibitisho utoke benki na kuingia kwenye mfumo bila kupita mkononi mwa mzabuni, tumehamisha tiki kutoka kwenye karatasi kwenda kwenye kioo.

Kuna na mwelekeo mwingine ambao unanitia wasiwasi zaidi kuliko matapeli. Kila utaratibu unapochelewesha mradi, wakubwa hutafuta njia ya kuuzunguka. Ujenzi wa serikali umekuwa ukipewa kikosi cha uhandisi cha jeshi bila ushindani. Mwaka 2019 Bunge lilipitisha hati za ahadi, yaani maandishi ya serikali kuahidi kulipa baadaye, za dola milioni 379 kwa ajili ya hospitali ya Lubowa, kwa mwekezaji aliyefikiwa kwa mazungumzo, na miaka mingi baadaye hospitali ilikuwa bado haijakamilika. Sababu inayotolewa ni ileile: sheria ya manunuzi ni nzito. Ni nzito kweli, anayebisha hajawahi kuandaa zabuni. Lakini uzito wake uko mahali pasipostahili. Mwenye duka la vifaa Busia anaombwa karatasi 15 ili auze saruji, kisha anasubiri malipo mwaka mzima, kwa hiyo safari nyingine anaongeza bei kufidia riba ya benki. Na serikali inanunua saruji ghali kuliko jirani yake. Malimbikizo ya madeni ya ndani ya serikali yanahesabiwa kwa matrilioni. Wakati huohuo malipo ya mabilioni kwa mgeni yanatoka kwa barua moja.

Mwishoni mwa 2024 UNRA ilivunjwa katika zoezi la kupunguza mashirika, kazi zake zikarudi Wizara ya Kazi na Uchukuzi, kulekule zilikotoka 2008. Mikataba inayoendelea imehamia pamoja na malipo yake ya awali na dhamana zake. Mtu wa kwanza wizarani anayepaswa kuulizwa habari zake ni mhasibu aliyepokea hayo masanduku: dhamana ngapi kati ya hizo zina jibu la benki nyuma yake, na ngapi zinakaribia kuisha muda huku mkandarasi bado anadaiwa.

Kuweka hilo sawa hakuhitaji sheria mpya bungeni. Katibu Mkuu wa Hazina anaweza kutoa waraka wa ukurasa mmoja: hakuna malipo ya awali yatakayotoka mpaka jibu la benki, lililotumwa na benki yenyewe, liwe limewekwa kwenye tovuti ya manunuzi pamoja na mkataba, ambapo mzabuni aliyeshindwa, mwandishi wa habari au mvuvi wa Katosi mwenye simu anaweza kulisoma. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya 2005 tayari inaruhusu. Benki nazo zingejibu haraka zaidi zikijua kwamba kuchelewa kwao kunaonekana na kila mtu.